MZEE, USINYAMAZE HOSPITALI

(Hotuba ya mwanachama mstaafu katika mkutano wa tawi)



Nimepewa dakika chache, kwa hiyo sitazunguka. Nataka kusema juu ya ugonjwa mmoja wetu sisi wazee, nao si presha wala si miguu. Ni ugonjwa wa kunyamaza.

Mwaka jana nililazwa siku sita. Siku ya kutoka nilipewa dawa za namna mbili dirishani. Foleni ilikuwa ndefu, yule binti alisema upesi upesi, na masikio yangu ni mazito. Sikusikia. Niliona haya kuuliza, nikasema, "Asante, mama," nikaenda zangu. Nyumbani nikameza kidonge cha mara moja kwa siku mara mbili. Siku ya tatu nilianguka mlangoni. Mjukuu wangu aliposoma pakiti ndipo kosa lilipojulikana.

Nilirudi naye hospitali, nikamweleza sista mkubwa. Hakukasirika. Alisema, "Mzee, usiposema tutajuaje?" Leo katika dirisha lile, mzee haondoki mpaka arudie mwenyewe maagizo ya dawa. Neno moja tu limefanya kazi hiyo.

Ndugu zangu, najua mnaogopa nini. Mnasema, "Nikilalamika, kesho nitarudi mikononi mwao." Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha kosa la hospitali humwachia mgonjwa wa kitanda kinachofuata.

Tena si fadhila tunayoomba. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya matibabu. Kifungu cha 57 kinasema sisi wazee tuishi kwa heshima, bila kuonewa. Na Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 14, inampa mtu haki ya kupeleka malalamiko juu ya alivyotendewa hospitalini, nayo yachunguzwe.

Basi tufanye kama tulivyofanya kazini. Hatukumwendea meneja kwa matusi. Tulikwenda na maneno yaliyopangwa. Andika siku, saa na wadi. Andika lililotokea, na unalotaka litengenezwe. Mpe mkubwa wa wadi au wa hospitali, ubaki na nakala. Usipojibiwa, hospitali nyingi za umma tangu 2013 ziko chini ya serikali za kaunti, peleka huko. Na iko tume iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2011 kusikiliza malalamiko ya raia juu ya ofisi za serikali.

Jambo moja msilisahau: nesi ni mfanya kazi kama sisi. Akiwa peke yake usiku na wadi imejaa, kosa si lake tu. Ukiandika kwamba uliita saa nzima kwa sababu nesi alikuwa mmoja, umemsaidia yeye pia kudai mwenzake. Na aliyekuosha kwa upole, mwandike vile vile. Sifa nayo ni habari.

Asiyejua kuandika asione haya. Aje kwa katibu wa tawi, aseme, naye ataandika.

Tulipokuwa vijana tulisema kwa ajili ya mshahara. Sasa tuseme kwa ajili ya maisha yetu, na ya vijana hawa, maana nao watazeeka.