NENO "ANDIKA" NA MAANA ZAKE

Leo nataka tulitazame neno moja ambalo kila mwanafunzi hulijua tangu siku ya kwanza ya shule, lakini si wengi waliolichungua. Neno hilo ni ANDIKA.

Mtoto hudhani kuandika ni kushika kalamu tu. Lakini mtumishi huandika meza, yaani hupanga sahani na vikombe. Na jemadari huandika jeshi, yaani hulipanga safu kwa safu. Hapo hapana kalamu wala wino. Basi kuandika ni kupanga pia, kutia kila kitu mahali pake. Na kuandika mtu ni kumtwaa na kumpa mahali pake, katika kazi, katika jeshi, au katika chama. Asemaye, "Nimeandikwa," hakupakwa wino mwilini; amepata kazi.

Sasa angalieni jinsi neno hili libadilikavyo, na jinsi hali ya mtu ibadilikavyo pamoja nalo.

Kwanza, KUANDIKWA. Katika vita vya 1914 hadi 1918 maelfu ya watu wa nchi hii walichukuliwa kuwa wapagazi. Vita vilifika hata kwetu Ufipa. Mwezi wa Juni 1916 Waingereza waliitwaa boma ya Kasanga, ambayo Wadachi waliiita Bismarckburg. Jina la Kariakoo, mjini Dar es Salaam, latokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Wengi wa watu hao hawakuulizwa kama wanataka kwenda. Hao waliandikwa.

Pili, KUANDIKISHA, yaani kufanya mtu aandikwe. Mzazi humwandikisha mtoto wake shule, na hilo ni jema. Lakini mawakala wa mashamba ya mkonge nao waliandikisha watu, na mwaka 1944 wenye mashamba hayo waliunda ofisi ya kazi hiyo, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Vijana wa Ufipa nao walikwenda mikongeni, safari ya zaidi ya kilometa 1,000 mpaka Tanga. Kila mmoja alipewa namba, na kwa hiyo watu hao wakaitwa manamba. Walipewa na kipande cha kuhesabia siku 30 za kazi. Na siku asiyofanya kazi mtu haikuhesabiwa. Basi mwezi wa kipande haukuwa mwezi wa kalenda. Asiyejua kusoma alibonyeza kidole gumba chini ya karatasi, akayafahamu masharti alipokwisha kufika mbali na kwao.

Tatu, KUJIANDIKISHA. Hapa mtu huenda kwa miguu yake na kwa nia yake. Tangu kuundwa kwa TANU, tarehe 7 Julai 1954, watu wengi walijiandikisha chamani na kuchukua kadi. Hata leo raia aliyetimiza miaka 18 hujiandikisha katika daftari la wapiga kura; asiyejiandikisha siku ya kura hutazama wenzake tu.

Mwisho, KUANDIKIANA. Huku ni kufanya mapatano kwa maandiko, kila mmoja akijua alilolikubali na alilokubaliwa. Neno hili ndilo bora kuliko yote niliyoyataja, maana ndani yake hamna bwana peke yake wala namba peke yake; mna watu wawili.

Kwa hiyo, wewe kijana wa Sumbawanga, au wa Namanyere, au wa kijiji cho chote, akija mtu kukuandika kazi au kukuingiza katika chama, muulize: ujira ni kiasi gani, muda ni siku ngapi, na siku hizo zahesabiwaje? Kama hujui kusoma, mwite anayejua, akusomee mbele ya mashahidi. Kisha omba nakala, uiweke nyumbani. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nguvu za mikono yako ni mali pia.