Ilhamu na Uaminifu wa Mwandishi: Mfano wa Ukerewe



Aghalabu huulizwa mwandishi apate wapi ilhamu. Kwetu sisi tulio hapa Mwanza, jibu moja liko ng'ambo ya maji haya, kisiwani Ukerewe. Aniceti Kitereza alikamilisha riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Ni kisa cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke waliotamani mtoto, kilichosheheni kilimo, uvuvi, dawa na adabu za Wakerewe. Mchapishaji hakupatikana. Kitereza akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki dunia.

Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa kisiwa hichohicho, alishika njia nyingine. Diwani yake ya Kichomi (1974) ilileta mashairi huru, yasiyofungwa na vina wala mizani, nao wanamapokeo wakaipinga vikali. Hata hivyo, hakurudi nyuma.

Mmoja alihifadhi, mwingine alivunja. Kwa hiyo uaminifu wa mwandishi kwa nafsi yake haupimwi kwa ukale wala kwa upya wa umbo. Hupimwa kwa kile anachokataa kukitoa ili apate kusomwa. Kitereza alitoa lugha ya mama, na hiyo si gharama ndogo. Ulimwengu wa Wakerewe hakuutoa.

Nanyi wanafunzi mnaoandika, hapana budi kila mmoja ajiulize mapema: mhariri akidai nibadili, lipi nitalikubali, na lipi katu sitalikubali?