Petroli Itoke Nyumbani: Namna ya Kuosha Vyuma Vidogo Bila Hatari

(Mazungumzo yaliyotolewa na kikundi cha karakana ya kanisa mbele ya vijana wa boda boda na akina mama washonaji)

  

Tumekuja kuzungumza juu ya kazi inayofanyika karibu kila nyumba hapa kwetu, yaani kuosha vyuma vidogo vilivyoshika mafuta na grisi. Kijana anafungua kabureta ya pikipiki. Mama anatoa kikasha cha bobini kwenye cherehani. Mzee ana cheni ya baiskeli na beringi zake. Wote wanatafuta kitu cha kuondoa uchafu ule mweusi. Na wengi wetu tunatumia nini? Petroli ndani ya karai. Si ndio?

Hata sisi tulifanya hivyo miaka mingi. Tuliacha baada ya kijana mmoja wa kikundi chetu kuungua. Alikuwa anaosha kabureta usiku chumbani kwake, kwa sababu asubuhi alihitaji pikipiki ya kwenda kazini. Karai lilikuwa sakafuni, na jiko la makaa lilikuwa mlangoni, hatua kadhaa kutoka pale. Yeye alidhani hapo ni mbali. Moto ulitoka kwenye jiko, ukatambaa sakafuni mpaka kwenye karai, na mikono yake ilikuwa ndani. Tunamshukuru Mungu yu hai. Lakini alikaa miezi bila kushika spana, na watoto walihitaji kula.

Kwa nini moto ulimfuata? Petroli yenyewe haihitaji kuguswa na moto. Inatoa mvuke hata wakati wa baridi kali kuliko baridi yoyote tunayoijua hapa kwetu. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi juu na kutoka dirishani. Unashuka na kutambaa chini mpaka ukutane na jiko, taa ya kandili, sigara au cheche ya swichi. Wakenya hatujasahau Sachang'wan, tarehe 31 Januari 2009, ambapo zaidi ya watu 100 walifariki baada ya lori la mafuta kuanguka na petroli kushika moto. Petroli ya kwenye karai ni ile ile, tofauti ni wingi tu.

Tena kuna madhara yasiyoonekana. Petroli ina benzini, ambayo inajulikana kusababisha kansa ya damu. Inaingia kwa kuvuta mvuke na pia inapita kwenye ngozi. Ni kweli kwamba mwaka 2006 Kenya iliachana na petroli iliyotiwa madini ya risasi, na hiyo ilikuwa hatua njema. Lakini benzini bado imo. Basi msiseme siku hizi petroli ni safi ya kunawia mikono.

Sasa mtatuuliza, kama si petroli, tuoshe na nini?

Tuanze na njia ya mtu asiye na mashine. Kwanza pangusa grisi yote nene kwa kitambaa kikavu au kijiti. Watu wengi huruka hatua hii, kumbe ndiyo nusu ya kazi. Pili, weka maji ya moto kwenye beseni na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Loweka vyuma kwa muda wa nusu saa. Tatu, sugua kwa mswaki wa zamani. Nne, suuza, kausha na upake mafuta mepesi. Cheni ya baiskeli, nati, bolti na spana zitatakata vizuri.

Shida iko kwenye vitundu. Jeti ya kabureta ina tundu dogo kuliko tundu la sindano, na mswaki hauingii. Hapo ndipo fundi anachukua waya na kuchokoa. Jamani, msichokoe jeti kwa waya wa chuma! Jeti ni ya shaba, ni laini. Ukiipanua hata kidogo, pikipiki itakunywa mafuta kuliko zamani, na utalaumu injini bure.

Kwa ajili ya vitundu hivyo, kikundi chetu kilichanga fedha kikanunua mashine ndogo ambayo wauzaji huiita ultrasoniki. Wengine mmeiona kwa mafundi wa saa au kwa daktari wa meno. Ni tangi la chuma kisichoshika kutu, la lita 3, lenye kikapu, saa ya kuhesabia dakika na kifaa cha kupasha maji moto. Umeme wake ni mdogo kuliko wa pasi.

Inafanyaje kazi? Chini ya tangi kuna vipande vinavyotetemeka mara 40,000 kwa sekunde moja. Sikio la binadamu linaishia karibu 20,000, kwa hiyo mtetemo wenyewe hatuusikii, ila tunasikia mlio mwembamba kama wa nyuki. Mtetemo huo unafanya vipovu vidogo mno ndani ya maji, na vipovu hivyo vinapasuka hapo hapo. Akina mama mnajua sufuria inavyovuma kabla maji hayajachemka. Ule uvumi ni vipovu vinavyopasuka. Mashine inafanya jambo linalofanana na hilo, lakini kwa kasi sana na kwa vipovu vidogo zaidi. Kila kipovu kikipasuka karibu na chuma kinabandua uchafu kidogo. Na kwa sababu maji yanaingia kila mahali, vipovu vinaingia hata ndani ya jeti.

Hizi ndizo hatua tunazozifuata. Tunaomba mzisikilize vizuri.

1. Pangusa grisi nene kwanza. Mashine si pipa la taka. Ukiweka chuma chenye grisi nyingi, maji yanachafuka mara moja na kazi inasimama.

2. Ondoa kila kitu cha mpira na plastiki laini. Kwenye kabureta toa boya, pete za mpira na sindano yenye ncha ya mpira. Beringi zilizozibwa pande zote zisiwekwe, kwa maana maji yataingia na hayatatoka.

3. Jaza maji mpaka alama, ukiwa umechomoa waya wa umeme. Maji ya mvua ni mazuri kuliko ya kisima chenye chumvi, ambayo huacha madoa meupe. Tia sabuni ya maji ya vyombo, kijiko kimoja kidogo kwa kila lita.

4. Pasha maji mpaka nyuzi 50 au 60. Yasichemke. Maji yakikaribia kuchemka, nguvu ya vipovu inapungua.

5. Washa mashine bila vyuma kwa dakika 5 hadi 10 ili hewa iliyomo ndani ya maji itoke. Maji mapya yenye hewa nyingi hufanya kazi kivivu.

6. Weka vyuma ndani ya kikapu. Visilale chini ya tangi, maana vitalikwaruza na kuliharibu. Visirundikwe pia. Kikasha cha bobini kinahitaji dakika 3 hadi 5, kabureta dakika 5 hadi 10. Zima, toa, tazama. Ikibidi, rudia.

7. Suuza kwa maji safi, pulizia kwa pampu ya baiskeli, kausha juani, kisha paka mafuta mara moja. Chuma kilichooshwa hivi hakina mafuta hata kidogo, na kutu inaweza kuanza saa ile ile. Jeti iinue kwenye mwanga. Ukiona duara safi, umemaliza.

Ukitaka kujua kama mashine bado ina nguvu, chukua kipande cha foili ya jikoni, kining'inize ndani ya maji dakika moja. Kikitoka kimejikunja na kutoboka vitundu, mashine ni nzima. Foili ile iwafundishe jambo la pili: usitie mkono ndani mashine ikiwaka. Kinachotoboa foili hakifai kwa vidole. Wala usiiwashe ikiwa kavu, kwa kuwa itaharibika. Plagi iwe ya miguu mitatu, na watoto wasiachwe karibu.

Sasa tunafika kwenye jambo lililotuleta hapa. Wiki ya kwanza tu baada ya kununua mashine, kijana mmoja mwerevu alituambia, "Kama maji yanaosha hivi, tukitia petroli si itaosha mara mbili?" Alishashika chupa mkononi. Hatukumkasirikia, kwa sababu swali lake ni la mtu anayefikiri. Lakini jibu ni hapana, na ni hapana ya milele. Mashine inapasha joto, na joto linaongeza mvuke. Mtetemo unarusha matone madogo hewani. Na ndani mna umeme na swichi zinazoweza kutoa cheche. Hapo umejitengenezea bomu juu ya meza. Hata mafuta ya taa, spiriti na tina ni hivyo hivyo. Ndani ya tangi ni maji na sabuni, basi.

Pia msitie magadi makali ya kuzibulia mabomba. Magadi hayo yanakula aluminiamu, na mwili wa kabureta nao utaharibika. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe yenye klorini nayo inatoboa tangi polepole. Sabuni ya vyombo inatosha. Hata hiyo, usiache aluminiamu ndani muda mrefu, itapoteza rangi yake na kuwa nyeusi.

Maji machafu msimwage mtoni wala kwenye shamba la sukuma wiki. Yaacheni yatulie usiku kucha, mafuta yapande juu, myaondoe kwa vumbi la mbao. Vitambaa vyenye mafuta viwekwe kwenye debe lenye kifuniko, mbali na jiko.

Na kama ajali imetokea? Mtu akiungua, mwagia sehemu ile maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Ondoa pete na saa mapema kabla hajavimba. Usipake dawa ya meno, wala yai, wala mafuta ya kupikia, wala unga. Funika kwa kitambaa safi na umpeleke hospitali. Yule kijana wetu alipakwa dawa ya meno na majirani wenye nia njema, na daktari alilazimika kuibandua pamoja na ngozi. Na wale mnaovuta petroli kwa mdomo na mpira, tunawasihi mwache. Mtu akiimeza, msimtapishe. Mkimbizeni hospitali.

Tunajua si kila mtu anaweza kununua mashine, wala hatusemi kila nyumba iwe nayo. Ndiyo sababu tuliichangia. Iko kwenye karakana ya kanisa, na kila Jumamosi asubuhi imefunguliwa. Njoo na vyuma vyako vikiwa vimepanguswa, njoo na sabuni yako, na kuna mtu wa kukuonyesha. Kijana aliyeungua ndiye anayeisimamia. Yeye hahitaji kuhubiri sana. Akikunja mikono ya shati, watu wanaelewa.

Tumalizie na Neno. Katika kitabu cha Mhubiri, sura ya 10, tunafundishwa juu ya mtu mwenye shoka butu, kwamba itambidi atumie nguvu nyingi zaidi, lakini hekima ndiyo inayofaa. Ndugu zetu, nguvu tunazo, na bidii tunayo. Tuongeze hekima kidogo, ili baba arudi nyumbani na mikono yake yote miwili.

Leo jioni ukifika nyumbani, tafuta ile chupa ya petroli iliyo chini ya kitanda au nyuma ya mlango wa jikoni. Itoe nje, ikae mbali na moto na mbali na watoto. Hiyo haihitaji mashine wala mchango.