Si ya Kukubali, Si ya Kukataa

Msikilizaji, ukipita ufukweni Malindi msimu wa watalii, simama karibu na kibanda cha kanga na vikoi utege sikio. Mji ule una Waitaliano wengi, wengine wamejenga na kuhamia pale pale, na wauzaji wameiokota lugha yao bila kuingia darasani. Mteja anauliza kama kikoi ni pamba tupu. Muuzaji anamjibu, "Si, si!" yaani ndiyo, ndiyo. Papo hapo anamgeukia kijana wake: "Si hicho, lete cha buluu." Kinywa kimoja, pumzi moja, si ya kukubali na si ya kukataa.

Si ya Kiitaliano imetokana na neno la Kilatini, sic, lenye maana ya "hivyo". Mtu akiulizwa jambo hujibu "hivyo", kama sisi tunavyojibu "ndivyo". Wahispania wanayo pia, ila wakiiandika bila alama juu ya i inakuwa ya sharti, kama "ikiwa" yetu. Kwa Wachina, ukiitamka kwa sauti inayoshuka ni nne; ukiididimiza kisha ukaiinua, ni kufa. Ndiyo maana kule yapo majengo ambayo lifti zake hazina kitufe cha ghorofa ya 4.

Inayonigusa zaidi ni ya Kifaransa. Mfaransa ana oui ya ndiyo. Si ameiwekea kazi yake maalumu, kumpinga anayeuliza kwa kukanusha. Mwulize mtoto wa Lubumbashi kwa Kifaransa, "Hujala?" Akijibu "si", amekula. Mwulize hivyo hivyo kwa Kiswahili. Akijibu "ndiyo", mpakulie, maana anakubali kwamba hajala. Mtoto aliyekulia katika lugha zote mbili hubeba mizani hizo mbili kichwani bila hata kuzihisi, na mimi naona huo ni utajiri mkubwa.

Na si yetu je? Tunafundishwa kwamba ni ya kukanusha, basi. Lakini msikilize mama anayemfuta maji mwanawe aliyenyeshewa: "Si nilikwambia uchukue mwavuli?" Hapo hakanushi kitu. Alimwambia, tena kwa msisitizo, na sasa anataka mtoto akiri. Na mwenzako akikuambia, "Si uje tule!", anakusihi.

Neno lenye kazi zote hizi tunaliacha litokomee. Kila siku nasikia, hata kwenye vipaza sauti vyetu sisi watangazaji, "Yeye sio mwalimu", "Kitabu hiki sio changu." Si peke yake ingetosha: yeye si mwalimu, kitabu hiki si changu. Mtu au kitu, mmoja au wengi, haibadiliki. Tukiiongezea kiungo cha ngeli, tukasema siye, sicho, siyo, tunakuwa tumeingia katika maana nyingine: kwamba huyu au hiki sicho kile hasa tunachokitaja.

Sikilizeni tofauti yake. Kijana amesimama kizimbani. Ukisema "Huyu si mwizi", umemsafisha jina. Ukisema "Huyu siye mwizi", umesema tu kwamba mwizi anayetafutwa kwa kesi hii ni mwingine. Tabia ya kijana hukuigusa. Mama yake akiwa nyumbani, sikio ameliegemeza kwenye redio, anastahili kujua ni lipi kati ya hayo mawili limesemwa mahakamani.

Watangazaji wenzangu, mnapoketi leo kuandaa taarifa ya habari ya saa mbili usiku, ipitieni upya kwa kalamu mkononi. Kila penye "sio", jiulizeni kama mlikusudia "si", na kama mlikusudia "si", isomeni hivyo hivyo, fupi ilivyo.