Jibu la Maabara Lisikwame Njiani



Mtu akitolewa damu, huuliza kama mashine ya maabara ni nzuri. Hata hivyo, makosa mengi ya upimaji hayatokei ndani ya mashine. Hutokea kabla au baada yake: chupa imebandikwa jina la mwingine, fomu haisomeki, au jibu limesahaulika kwenye droo.

Chukueni mfano wa mtoto aliyezaliwa na mama anayeishi na virusi vya Ukimwi. Kipimo cha kawaida cha kingamwili hakitoshi, kwa sababu kingamwili za mama zaweza kubaki mwilini mwa mtoto hadi miezi 18. Kwa hiyo, akiwa na wiki 6, hudungwa kisigino, matone ya damu hukaushwa kwenye karatasi maalum, kisha karatasi hiyo hupelekwa kwenye maabara kubwa, kama zile za KEMRI, ili virusi vyenyewe vitafutwe. Watoto wenye virusi wasipotibiwa, karibu nusu yao hufariki kabla ya kutimiza miaka 2. Jibu likikwama wiki moja, mtoto amekosa dawa wiki moja.

Hapo ndipo kompyuta inaposaidia. Sampuli hupewa nambari yake kwenye kibandiko. Matokeo hutoka kwenye mashine na kuingia kwenye mfumo bila kunakiliwa kwa mkono, na zahanati huyaona mara yanapothibitishwa, bila kungoja bahasha. Sampuli iliyoharibika nayo huonekana mapema, mtoto akaitwa apimwe tena.

Lakini kompyuta haijui jina lililoandikwa visivyo. Mama akitumia jina la ubatizo hapa na la ukoo kule, mfumo humhesabu kuwa watu wawili.

Basi kila mkazi atumie majina yaliyo kwenye kitambulisho na atoe nambari ya simu inayopatikana. Kabla ya kuondoka, asome kibandiko cha chupa yake na aulize jibu litatoka lini. Siku hiyo ikipita kimya, arudi kuulizia. Asiogope: Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa haki ya kuona taarifa zake na kuomba zirekebishwe zikiwa na makosa.