Nguvu ya Injini na Ulaji wa Mafuta katika Pikapu za Kazi

Mada kwa semina ya wamiliki, wasimamizi na madereva wa magari ya mizigo midogo



Nimeombwa nijibu swali linalomsumbua kila anayetaka kununua pikapu: achukue injini kubwa aukubali ulaji wake, au achukue ndogo inayonusa mafuta avumilie kupitwa mlimani? Jibu nitalitoa, ila kwanza sina budi kulichokonoa swali lenyewe, kwa sababu limejengwa juu ya imani kwamba nguvu na mafuta vinanyang'anyana muda wote. Kwa pikapu za miaka ya tisini imani hiyo ilikuwa na ukweli mwingi. Kwa zinazouzwa leo, kinachomaliza tangi kwanza ni mzigo, kisha mwendo, kisha mguu wa dereva. Ukubwa wa injini unafuata baada ya hapo.

Farasi wangapi wanafanya kazi?

Tuchukue dabo kebini ya kawaida, Hilux au D-Max, iko tupu, inakwenda kilomita 80 kwa saa kwenye lami tambarare. Ukijumlisha ukinzani wa hewa na msuguano wa matairi, magurudumu yanahitaji takriban kilowati 14, yaani farasi 19 hivi. Kwenye 100, zinafika kilowati 22, au farasi 30. Kwenye 120, kilowati 35, na hata hapo farasi hawafiki 50. Sasa Hilux ya lita 2.8 iliyotoka mwaka 2015 ina farasi 177, na ile iliyoboreshwa mwaka 2020 ina 204. Maana yake ni kwamba kutoka Chalinze hadi Segera kwa mwendo wa kistaarabu, zaidi ya robo tatu ya farasi tuliowalipia hawana kazi.

Kukosa kwao kazi kuna gharama. Injini kubwa ni kama mtu mwenye mwili mkubwa: anakula hata akiwa amekaa. Pistoni, pampu na shafti zake zinahitaji mafuta ili zijizungushe zenyewe kabla gari halijasogea hata hatua. Injini ya dizeli ya ukubwa huu ikiunguruma gari limesimama inaweza kuchoma nusu lita hadi lita moja kwa saa. Wenye ofisi wanaoacha gari likiwaka ili bosi akitoka akute kiyoyozi kimepoza, hesabu hiyo wanaijua ila hawapendi kuitazama.

Toyota walipoitoa familia hii ya injini mwaka 2015 walitangaza kwamba ile ya 2.8 inageuza hadi asilimia 44 ya nishati ya dizeli kuwa kazi. Ni kiwango kizuri sana, lakini injini hukifikia pale tu inapobeba mzigo wa kutosha kwa mizunguko ya wastani. Ikibembelezwa mjini bila mzigo, ufanisi huo unaporomoka. Ndiyo sababu injini ndogo inayofanya kazi ya kueleweka huishinda injini kubwa inayozurura.

Kinachovuta mlimani

Karatasi ya muuzaji hutanguliza farasi. Anayepanda mlima Kitonga na tani moja ya viazi anahitaji nguvu ya kuzungusha magurudumu, ile inayopimwa kwa nyutoni mita, na anaihitaji ikiwa chini kabisa, kwenye mizunguko 1600 au 1800 kwa dakika, ili asilazimike kuikamua gia ya pili hadi juu. Hapo ndipo historia ya pikapu zetu inapopendeza.

Injini ya 5L ya Toyota, lita tatu bila tabo, ambayo mafundi wetu wanaijua hata gizani, ina farasi wasiofika 100 na nyutoni mita zisizozidi 200. Injini mpya ya Isuzu D-Max ya lita 1.9 ina farasi 150 na nyutoni mita 350, na inazitoa kuanzia mizunguko 1800. Yaani injini iliyopungua zaidi ya lita nzima inakaribia kuvuta mara mbili. Hilux ya 2.4 nayo ina farasi 150, na nyutoni mita 343 au 400 kutegemea giaboksi. Kwa upande wa wakubwa, Land Cruiser ya injini ya 1HZ, lita 4.2 na silinda sita, ina nyutoni mita 285. Mwaka 2023 Toyota walitangaza toleo la Land Cruiser 70 lenye injini ya 2.8, silinda nne, nyutoni mita 500. Wapo watakaoapa kwamba silinda nne haziwezi kuwa gari la porini. Wacha waape.

Siri ni tabo, ile feni inayosukumwa na moshi na kuishindilia injini hewa. Faida yake kwetu tunaopanda milima inazidi ile ya watu wa pwani. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, kwa kuwa hewa inapungua. Ikifika Njombe, karibu mita 2000 juu ya usawa wa bahari, moja ya tano ya nguvu zake imekwisha, na dereva anafidia kwa kukanyaga mafuta. Moshi mweusi unaotoka nyuma hapo ni dizeli iliyokosa hewa ya kuunguzwa nayo, na mmiliki ameshailipia. Kwa hiyo anayefanya kazi Mbeya, Njombe au Lushoto akiniambia amenunua injini ya zamani isiyo na tabo ili aokoe mafuta, siwezi kumuunga mkono.

Deni la mlima

Twende Lushoto, tupige hesabu moja hadi mwisho. Kutoka Mombo kupitia Soni ni kama kilomita 33, na unapanda karibu mita 1000. Pikapu yenye tani moja ya saruji mgongoni ina uzito wa jumla wa tani tatu hivi. Kuinua tani tatu mita 1000 ni megajuli 29. Lita ya dizeli ina megajuli 36 hivi, na injini nzuri hufikisha kama theluthi ya hizo kwenye magurudumu. Kwa hiyo mlima peke yake unadai karibu lita mbili na nusu, mbali na mafuta ya kutembeza gari kwa kilomita hizo 33. Ukipanda na injini iliyochoka, inayofikisha robo tu, mlima huo huo utakudai lita tatu na kitu.

Deni hilo halijui gari lina farasi 95 au 204. Injini yenye nguvu italilipa kwa dakika chache zaidi, dhaifu italilipa taratibu, na kiasi ni kilekile isipokuwa tofauti ya ufanisi. Hata kona kali za Soni, zenye mwinuko wa asilimia 8, zinahitaji takriban kilowati 30 kwenye magurudumu ukienda kilomita 40 kwa saa. Mwenye farasi 150 bado ana akiba kubwa.

Tena mzigo mkubwa wa Lushoto unashuka: kabichi, karoti, nyanya, matunda. Kwa mfanyabiashara wa mboga, nguvu ya kupanda ni jambo la pili. La kwanza ni kushuka salama. Hapa injini kubwa ina faida ambayo sijasikia muuzaji akiitaja: ukiachia mafuta ukiwa kwenye gia, injini yenye sisi (cc) nyingi hulizuia gari zaidi na kuziokoa breki. Nimewahi kupanda gari na dereva aliyeshuka akiwa ameweka nyutro, akiniambia anabana matumizi. Ni kinyume kabisa. Gari likishuka kwenye gia bila kukanyagwa mafuta, mfumo wa sindano hukata dizeli kabisa. Kwenye nyutro, injini lazima ichome ili isizime. Anahatarisha maisha na mafuta yanakwenda vilevile.

Kilomita kwa lita hudanganya

Tumezoea kusema gari linakwenda kumi kwa lita, au kumi na mbili. Lugha hiyo inaficha jambo. Gari zito linalotoka kilomita 6 kwa lita hadi 8 linaokoa lita nne na ushee kwa kila kilomita 100. Gari jepesi linalotoka 12 hadi 14 linaokoa lita moja na kidogo. Masikioni vyote ni "kilomita mbili". Mwenye pikapu mbili akitaka kufanyia matengenezo moja kwanza, aanze na inayokunywa sana.

Lugha hiyo pia inasahau mzigo. Kirikuu, kile kipikapu cha sisi 660, imeundwa kubeba kilo 350. Tuseme inakwenda kilomita 15 kwa lita, na pikapu ya tani moja inakwenda 10. Kirikuu inaonekana imeshinda. Lakini kuhamisha tani moja itahitaji safari tatu, na ukijumlisha itakuwa imechoma mara mbili ya mafuta ya pikapu. Najua Kirikuu zetu hazibebi kilo 350; zinabebeshwa hadi springi zinanyooka. Hiyo ni mada nyingine, na inahusu breki zaidi ya mafuta. Kwa kupeleka maji na mikate mtaani, mzigo mwepesi na vituo vingi, Kirikuu haina mpinzani.

Fedha, na tahadhari ya mafuta machafu

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inatangaza bei kikomo za mafuta, na hapo ndipo wengi hukumbuka ulaji. Tuseme lita ni shilingi 3000 na gari linatembea kilomita 40,000 kwa mwaka. Kutoka kilomita 10 kwa lita hadi 12, unaokoa lita 667, au shilingi milioni 2. Kodi nayo imehamia huko. Hadi mwaka 2017 Tanzania ilitoza ada ya leseni ya gari kila mwaka kufuatana na sisi za injini. Bajeti ya 2017/18 iliifuta na kuongeza shilingi 40 kwenye ushuru wa kila lita. Mwenye injini kubwa anayetembea kidogo alipata nafuu. Anayetembea sana analipia pampuni.

Lakini milioni 2 hizo zinaweza kumezwa na injekta. Injini za kisasa husukuma dizeli kwa mgandamizo mkubwa mno, kupitia vitundu vidogo mno, na maji au mafuta ya taa yaliyochanganywa huviharibu mapema. 5L ilivumilia mengi. Kwa anayenunua dizeli ya kwenye madumu huko vijijini, ninaelewa kabisa kwa nini anang'ang'ania injini ya zamani, na sitamcheka. Mwenye uhakika wa kituo chake cha mafuta hana sababu hiyo. Anunue injini mpya, abadilishe chujio la dizeli kwa wakati na kumwaga maji yanayotuama chini yake.

Fedha nyingine hupotea nje ya injini: matairi mapana ya porini, keria tupu juu ya paa, vyuma vya mbele na upepo pungufu wa matairi, vyote hivi vinakula mafuta, na kwa sehemu kubwa vimewekwa kwa ajili ya macho ya watu.

Ninachopendekeza

Kwa mzigo wa hadi tani moja, barabara za lami na changarawe, injini ya dizeli yenye tabo kati ya 1.9 na 2.5 inatosha, milimani pia. Anayevuta tela zito kila wiki, au anayebeba abiria na mzigo kwenye tope refu, achukue 2.8 au 3.0, na ataona hasara yake kwenye mafuta ni ndogo kuliko alivyotishwa. Anayeichukua kwa ajili ya heshima aiandike kwenye fungu la heshima, isiingie kwenye gharama za usafirishaji.

Kabla ya kununua, pimeni mlicho nacho. Vitabu vya safari vya ofisi nyingi vina tarehe, kilomita na lita. Ongezeni safu mbili: uzito wa mzigo wakati wa kwenda, na uzito wakati wa kurudi. Jazeni tangi hadi juu kila mara, kituo kilekile, ili lita zisomeke sawa. Miezi mitatu ya kumbukumbu za namna hiyo itawaonyesha gari lipi linasafiri tupu, dereva yupi ana mguu mzito, na kama kweli kuna safari hata moja iliyoshindikana kwa kukosa nguvu. Fomu niliyoiandaa iko mezani kwa katibu, na tutaijaza pamoja kwa mfano mmoja baada ya chai.