Ruzuku Hufuata Ekari: Malipo ya Serikali kwa Mashamba na Ranchi za Marekani



Ruzuku ya kilimo inapojadiliwa, swali la kwanza huwa ni fedha kiasi gani zimetengwa. Mada hii inatanguliza swali jingine: kanuni ya malipo inahesabu nini? Nimechagua kaunti za vijijini za Marekani kwa kuwa huko kanuni hizo zina zaidi ya miaka 90.

1. Chimbuko

Mwaka 1933, bei za mazao zikiwa zimeporomoka, serikali ya Rais Franklin Roosevelt ilianza kuwalipa wakulima wapunguze maeneo ya kupanda. Katika mashamba ya pamba ya Kusini, hundi zilipitia kwa wenye ardhi. Wengi wao hawakuwagawia watu waliowalimia kwa mgao wa mavuno. Na kwa kuwa sasa palihitajika mikono michache, wengine waliwafukuza. Mwaka 1934 wakulima hao wa mgao, weusi kwa weupe, waliunda chama chao huko Arkansas. Sheria ilikuwa imehesabu ekari, si jasho.

2. Malipo ya leo

Maombi hupokelewa katika ofisi ya kaunti ya Idara ya Kilimo, yenye kamati ya wakulima waliochaguliwa na wenzao. Nitaeleza njia tatu za malipo.

*Ruzuku ya mazao* hutolewa bei au mapato yakishuka chini ya kiwango kilichowekwa. Hukokotolewa kwa rekodi za ekari za zamani, hivyo mtu anaweza kulipwa kwa ngano ambayo msimu huu hakuipanda.

*Kupumzisha ardhi* kulianza 1985. Serikali hukodi ardhi inayomomonyoka kwa miaka 10 hadi 15 ili ioteshwe nyasi au miti. Kwa kawaida haivuki asilimia 25 ya ardhi ya kilimo ya kaunti, maana mashamba yakilala, muuza mbegu, fundi wa matrekta na mwenye ghala la nafaka nao hukosa riziki.

*Fidia ya malisho* hutegemea ramani ya ukame inayotolewa kila Alhamisi. Sehemu yoyote ya kaunti ikiingia kwenye ukame uliokithiri, wafugaji wenye malisho popote katika kaunti hiyo huweza kuomba. Jirani yao wa ng'ambo ya mpaka, hata kama nyasi zake zimekauka vilevile, husubiri zamu ya kaunti yake.

3. Nani hunufaika?

Zaidi ni mwenye eneo kubwa. Chini ya sheria ya kilimo ya 2018, hadi mwaka 2024, ukomo ulikuwa dola 125,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka katika ruzuku ya mazao. Lakini katika shamba la ubia kila mbia ana ukomo wake, na sheria hiyohiyo iliwaongeza binamu na wapwa kwenye orodha ya jamaa wanaokubalika kuwa wabia wanaolipwa. Kwa mkulima aliyekodi, sehemu ya ruzuku humrudia mwenye ardhi kupitia kodi inayopanda.

Watetezi husema mkulima hapangi bei wala hapangi mvua, na akifilisika mji mdogo mzima huyumba. Hoja hiyo ni nzito. Inaeleza kwa nini asaidiwe. Haielezi kwa nini mwenye ekari 5,000 asaidiwe mara hamsini ya mwenye 100.

4. Funzo na mapendekezo

Mfano wa kipimo tofauti ni Kenya: ilipoanzisha bima ya mifugo mwaka 2015, ikianzia Turkana na Wajir, serikali iliilipia kila kaya iliyoandikishwa bima ya mifugo inayolingana na ng'ombe watano. Kiasi ni kidogo, lakini kipimo kilikuwa kaya. Kwa mipango ya ruzuku ya kwetu, napendekeza:

- Ukomo uwekwe kwa kaya, si kwa kila jina lililoandikwa kwenye ubia.
- Anayelima au kuchunga alipwe moja kwa moja, hata kama ardhi si yake.
- Orodha ya waliolipwa ibandikwe ofisi ya kata kabla ya awamu inayofuata, wanakijiji waweze kuipinga.